Sura ya Saba: Ganda la Waya

Matisi ziko mbili. Moja ni mtaa uliobanana pembezoni mwa mji wa Kitale, katika eneo bunge la Saboti, kaunti ya Trans Nzoia. Nyingine iko upande wa Webuye, kaunti ya Bungoma. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Webuye iko chini yake kwa zaidi ya mita 300. Anayeendesha baiskeli kati ya hizo mbili, kutoka kwenye miwa ya Webuye kwenda kwenye mahindi ya Trans Nzoia hufikiria mapafu na magoti yake. Anayerudi hufikiria breki. Sura hii ni ya huyo anayerudi, hasa akiwa juu ya baiskeli ya zamani ya mbio, ile yenye usukani uliopinda kwenda chini na matairi membamba, iliyoingia nchini ikiwa mtumba.

Ninalotaka kusema ni hili: katika breki ya waya, ganda linalouvika waya ni nusu ya breki, na ndiyo nusu inayopuuzwa. Waya ukikatika, mtu hununua mwingine akausukuma ndani ya ganda lile lile lenye kutu ya miaka 30, kisha breki ikikataa akalaumu raba. Na yule anayetaka baiskeli yake iwe nyepesi huulizia maganda ya bei ghali, ilhali wepesi anaoutaka unapatikana kwa koleo na kipimo kizuri.

Kwa nini ganda halithaminiwi huku kwetu? Nadhani ni kwa sababu kwa miaka mingi hatukuwa nalo. Baiskeli iliyoijenga biashara ya eneo hili ni Black Mamba, ile nyeusi yenye magurudumu ya inchi 28, fremu nzito na keria pana nyuma. Mfano wake ni wa Uingereza. Raleigh ya Nottingham na Hercules ya Birmingham ziliziuza baiskeli za aina hiyo kote zilikofika meli za Waingereza. Baadaye kazi hiyo ikashikwa na viwanda vya India, hasa Hero ya mji wa Ludhiana, iliyoanza kutengeneza baiskeli mwaka 1956 na kufikia miaka ya 1980 ikawa inatengeneza nyingi kuliko kiwanda kingine chochote duniani. Breki za Black Mamba hazina waya hata mmoja. Ukivuta mkono wa breki, fito ya chuma inavutwa juu, nayo inainua uma mdogo wenye raba mbili hadi raba hizo ziguse rimu kwa ndani, upande unaotazama spoku. Breki ya nyuma hupitisha nguvu yake chini ya fremu kwa fito nyingine na viungo vinavyogeuza mvuto kona baada ya kona.

Breki hizo zinastahili heshima. Fito hairefuki wala haichakai kwa kusuguana na ganda, kwa kuwa ganda halipo. Kinacholegea ni viungo, na kiungo hukazwa kwa spana. Kwa kuwa raba hugusa rimu kwa ndani na si ubavuni, gurudumu lililopinda kidogo bado linasimama vizuri, na katika barabara za murramu ni gurudumu gani lisilopinda? Udhaifu wake uko kwenye mvua. Rimu ya chuma iliyopakwa kromiamu ikilowa huteleza, na raba huhitaji mizunguko kadhaa kuifuta kabla haijaanza kuishika. Trans Nzoia hunyeshewa karibu nusu ya mwaka. Weka juu ya keria gunia la mahindi la kilo 90, au abiria, na umwombe dereva asimame ghafla chini ya mteremko. Bodaboda za baiskeli, zilizoanza mpakani Busia kwa kuvusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda na kuenea magharibi yote ya Kenya, ziliendeshwa hivyo miaka nenda miaka rudi, na dereva mzoefu alikuwa na breki ya tatu: soli ya ndara yake iliyobanwa kwenye tairi. Wasukuma chukudu wa Goma, kwenye miteremko ya mawe ya volkano, nao husimamisha skuta zao za mbao zisizo na pedali kwa kukanyaga kipande cha mpira kinachosugua gurudumu la nyuma. Watu hawa hawakukosa akili ya breki. Walikosa namna nafuu ya kuipeleka nguvu ya mkono kwenye gurudumu bila fito.

Namna hiyo ilikuwa imeshabuniwa. Mwaka 1896 Ernest Monnington Bowden, mzaliwa wa Ireland aliyeishi London, alipata hataza ya waya unaoteleza ndani ya ganda linalopindika. Watu humchanganya na Frank Bowden, mwanzilishi wa Raleigh, lakini ni watu wawili tofauti, na kazi zao zilikwenda njia mbili. Kampuni ya Frank ilieneza baiskeli za fito katika makoloni. Wazo la Ernest lilichukuliwa na waliotaka baiskeli nyepesi, kwa sababu fito mbili na viungo vyake ni mzigo wa chuma, na haziwezi kuufuata usukani uliopinda kwenda chini. Kufikia miaka ya 1950 baiskeli za mbio za Ulaya zilikuwa zimekwisha kuhamia kwenye waya. Mafac ya Clermont-Ferrand, Ufaransa, iliuza breki za mikono miwili ambazo bado zinapatikana kwenye baiskeli za mtumba. Weinmann na Universal nazo ziliuza zao, na Campagnolo ya Italia ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa breki ambazo wapenzi wa baiskeli za zamani wanazililia hadi leo.

Baiskeli hizo zimetufikia kwa kuchelewa na kwa idadi ndogo, zikipitia bandari ya Mombasa pamoja na nguo na viatu. Vijana wa Kenya wamezifanyia mengi. David Kinjah wa Kikuyu aliwafundisha chipukizi wa Safari Simbaz kuendesha na kutengeneza, na mmoja wa waliopitia mikononi mwake, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alishinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Ndiyo maana ukiona huku Kitale fremu kuukuu ya Peugeot au Raleigh imeegemezwa kwenye kibanda cha fundi, usiite takataka. Angalia breki zake kwanza.

Ukilichuna ganda lake utakuta tabaka tatu, ikiwa si la zamani sana. Nje ni plastiki, au kitambaa kilichosukwa kwenye yale ya kale. Katikati ni utepe wa chuma uliozungushwa kwa kubanwa, kila mzunguko ukiugusa mwenzake. Ndani kabisa ni mrija mwembamba wa plastiki laini, na mrija huo kwenye maganda ya miaka ya 1950 na 1960 haukuwepo. Waya ulisugua chuma kwa chuma, ndiyo maana wazee walitia grisi nyingi. Unene wa ganda la breki ni milimita 5, na waya wenyewe ni milimita moja na nusu au zaidi kidogo.

Sasa fikiria kinachotokea ukishika breki. Waya unavutwa. Ganda nalo linasukumwa, kwa nguvu ile ile, kutoka ncha zote mbili. Ikiwa mkono wa breki unaongeza nguvu ya vidole mara nne, basi ukibana kwa nguvu ya kilo 10, waya unavutwa kwa kilo 40 na ganda linabanwa kwa kilo 40. Ile mizunguko ya chuma inayogusana ndiyo inayokataa kufupika. Kutu ikiwa imekula nafasi kati ya mizunguko, au ganda likiwa limekunjwa vibaya hadi mizunguko ikaachana, litafupika kwanza kabla breki haijafanya kazi. Na hesabu ile ile ya mara nne inarudi kwa upande mbaya: kila milimita moja ganda linayofupika hula milimita nne za safari ya mkono wa breki. Milimita tano zikipotea, mkono umekaribia kugusa usukani na gurudumu bado linazunguka.

Jambo la pili ni msuguano, na hapa watu wengi hukosea. Hudhani kinachozuia waya ni urefu wa ganda. Urefu una sehemu yake ndogo, lakini kinachoua nguvu ni kona. Mchunga ng'ombe analijua hili bila kufundishwa: fahali akivuta kamba, huizungusha kwenye mti mara moja au mbili, na mkono mmoja unatosha kumzuia. Kila pembe ambayo kamba inauzunguka mti hula sehemu ya mvuto. Waya ndani ya ganda hufanya vivyo hivyo. Kwa ganda safi lenye mrija laini, kona zikijumlika kuwa nusu duara, takriban robo ya nguvu hupotea njiani. Zikijumlika kuwa duara kamili, hupotea karibu nusu. Ganda likishika kutu hadi msuguano ukawa mara tatu ya huo, nusu duara peke yake itaacha chini ya sehemu mbili kwa tano za nguvu uliyoitoa. Hesabu hii haijali sana kama kona ni pana au finyu, inajumlisha pembe. Ndiyo maana breki ya nyuma, ambayo waya wake hupanda kutoka mkononi, hupinda, hufuata bomba la juu la fremu na kupinda tena kushuka kwenye gurudumu, siku zote ni dhaifu kuliko ya mbele.

Kuhusu wepesi, wapo watengenezaji, kama Nokon wa Ujerumani, ambao badala ya utepe wa chuma hutumia vipande vidogo vya alumini vilivyopangwa juu ya mrija mmoja kama shanga, kila kimoja kikiingia kwenye mwenzake. Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma kwa ujazo ule ule, kwa hiyo ganda linakuwa jepesi. Tena halifupiki, kwa kuwa vipande vinagusana uso kwa uso. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Lakini uzito wa maganda yote ya breki kwenye baiskeli moja haufiki robo kilo. Ukiupunguza kwa theluthi mbili, umeokoa chini ya uzito wa chupa ndogo ya maji, kwa bei ambayo ingenunua raba mpya, nyaya mpya, maganda mapya ya kawaida na tairi la nyuma. Kwa mtu anayeshuka kwenda Webuye siwezi kushauri hivyo kabla hivyo vingine havijanunuliwa.

Njia bora ni kupunguza urefu. Ganda la kawaida lina uzito mara kadhaa ya waya uliomo ndani yake, kwa hiyo kila sehemu ambayo waya unaweza kwenda uchi ni faida. Kando ya bomba la juu waya huenda moja kwa moja, hauna kona, hauhitaji ganda. Fremu nyingi za mbio zina vishikizo viwili vilivyounganishwa kwenye bomba hilo: ganda la mbele hukomea kwenye cha kwanza, waya ukaenda uchi, na ganda fupi la nyuma likaanzia kwenye cha pili. Umeokoa karibu nusu mita ya ganda, na papo hapo umeondoa nusu mita inayoweza kufupika. Wepesi na nguvu ya breki vimekuja pamoja, bila senti.

Fremu nyingine za zamani hazina vishikizo. Ganda lao huenda zima na kufungwa kwa mikanda ya chuma. Hapo kuna kishawishi cha kwenda kwa fundi wa kuchomelea akubandikie vishikizo. Usifanye hivyo. Mabomba ya fremu nzuri ya mbio, kama yale ya Reynolds 531, ni membamba kuliko milimita moja, na katikati ni membamba zaidi kuliko kwenye ncha. Mashine ya kuchomelea milango na mageti italitoboa bomba hilo, au italiunguza liwe dhaifu palepale linapobeba uzito wako. Ipo mikanda ya kufunga kwa skrubu yenye kishikizo juu yake. Ukiikosa, acha ganda lote lilivyo na ulibadilishe likiwa jipya. Uzito huo mdogo haufai kuharibia fremu.

Kukata ganda ni kazi ya dakika chache inayoamua breki itakavyokuwa kwa miaka. Kwanza geuza usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, ganda likiwa limeshikwa mahali pake, uone urefu unaohitajika bila kuvuta wala kujikunja. Fupi mno litaivuta breki unapokata kona. Refu mno linaongeza pembe. Weka alama. Koleo butu litaliponda ganda liwe bapa, kwa hiyo kabla ya kukata, pitisha kipande cha waya wa zamani ndani ili lisisinyae. Kata. Utaona ncha ya utepe wa chuma imegeukia ndani kama kucha. Kucha hiyo ndiyo inayokwaruza waya mpya kila unaposhika breki, uzi baada ya uzi, hadi siku unakatika. Ing'oe kwa koleo, kisha piga tupa kwenye ncha mpaka uso wake uwe bapa na ung'ae duara lote. Ncha iliyokatwa mshazari hukaa vibaya ndani ya kofia yake ya chuma, ikilala kidogo kila unapobana, na mkono utaihisi kama ulegevu usiojulikana unatoka wapi. Mrija wa ndani huwa umejifunga kwa kukatwa. Uzibue kwa sindano ya kushonea magunia. Vua kipande cha waya wa zamani, vika kofia, ingiza waya mpya, vuta mara kumi kwa nguvu zako zote ili kila kitu kikae, kisha ndipo ukaze raba karibu na rimu. Aliyekaza raba kabla ya kuvuta atarudi kibandani kesho yake.

Kuhusu grisi, ganda lenye mrija wa plastiki halitaki grisi nzito. Hiyo hunasa vumbi, na vumbi la murramu pamoja na grisi ni msasa. Tone la oili nyepesi linatosha, na wengine hawaweki kitu. Ganda la kale lisilo na mrija ndilo linalohitaji grisi, na ndilo ambalo ningelitoa lote hata kama kitambaa chake cha nje bado kinapendeza. Mpenzi wa vitu vya kale anaweza kupata ganda jipya lenye mrija ndani na kitambaa nje, akaridhika pande zote mbili. Msimu wa mvua unapoanza, chunguza kwanza mahali waya unapotoka uchi na kuingia kwenye ganda fupi la nyuma. Maji hutambaa juu ya waya, yakaingia humo, na hayatoki upesi. Ndilo huanza kuoza, nalo ni fupi kuliko yote, karibu urefu wa kiganja kimoja na nusu hadi viwili. Kulibadilisha kila mwaka hakumfilisi mtu.

Nimeliacha kwa makusudi hadi mwisho onyo lililo kubwa kuliko yote. Mwaka 1984 Shimano ya Japani ilileta gia za kubofya, zinazohitaji ganda lisilofupika hata chembe, na kutokana na hitaji hilo likaja ganda la aina nyingine: badala ya utepe unaozunguka, ndani lina nyuzi nyingi za chuma zilizolala kwa urefu, zikishikiliwa na plastiki ya nje tu. Mara nyingi lina unene wa milimita 4. Kwa gia ni zuri, kwa kuwa gia huvuta kidogo. Kwa breki ni mauti. Ukibana kwa nguvu kwenye mteremko, nyuzi hizo husukumana kwenda nje, zinapasua plastiki, na ganda linafunguka kwa mara moja, bila dalili ya kukuonya, hasa wakati ule unapoihitaji breki kuliko wakati wowote. Nalo huonekana jepesi na jembamba, limenyooka vizuri, na muuzaji asiyejua atakuambia ganda ni ganda. Angalia ncha yake iliyokatwa: ukiona duara la vitone vya nyuzi, ni la gia, ukiona ukingo mmoja wa chuma unaozunguka, ni la breki.

Vile vile waya wa klachi ya pikipiki, unaopatikana kila kibanda tangu bodaboda za injini zichukue barabara, si mbadala. Ni mnene mno kwa ganda la baiskeli, na kichwa chake hakikai kwenye mkono wa breki wa mbio, ambao unataka kichwa chenye umbo la pea.

Basi ukienda dukani, Kitale au Bungoma, kununua waya wa breki, usiununue peke yake. Nunua na ganda la breki la milimita 5 lenye mrija ndani. Kwa baiskeli ya mbio yenye vishikizo kwenye bomba la juu, mita mbili zinatosha breki zote mbili na kipande cha akiba kinabaki. Lile kuukuu likate vipande ukalitupe, asije mtu mwingine akaliokota na kulitumia.